Mgomba Waliouzika Badala Yangu

Watu husifu pwani. Mimi pwani ya Seloni, kile kisiwa tulichopelekwa wakati wa vita, niliipitia usiku kucha nikiendesha lori la jeshi, na uzuri wake nauchukia mpaka leo.

Jioni hiyo, kabla hatujaondoka, afande alinipa barua kutoka Bungoma. Kusoma sikujua. Nikaitia mfukoni nikaimba njia nzima, maana nilijua imetoka kwa mke wangu. Minazi imeinamia barabara, mbalamwezi imejaa baharini, mawimbi karibu yaloweshe magurudumu. Nikamwambia dereva mwenzangu, mtu wa kijiji cha Kwanza, kule karibu na Kitale, aliyesoma misheni, "Bana, vita ikiisha nitamleta mke wangu aone hii."

"Atakuja na nini? Punda?" Tukacheka.

Alfajiri tulisimama injini ipoe. Nikampa barua. Akasoma kidogo, akaikunja.

"Si usome!"

"Ndugu, hii si yako. Ndugu yako mkubwa amemwandikia afande."

Afande alikuwa ameona jina langu tu, akadhani ni yangu. Kumbe ndugu yangu alikuwa anaomba nguo zangu! Ati askari mmoja aliyerudishwa Kitale kwa ugonjwa amewaambia lori langu lilitumbukia baharini. Lilitumbukia kweli, ila siku ile alikuwa analiendesha mwingine. Kwetu mtu akifia ugenini na mwili usipatikane, hukatwa mgomba ukazikwa badala yake, roho itulie. Basi walishauzika. Nywele walishanyoa. Na mke wangu, kama ilivyo desturi, alikuwa amekabidhiwa huyo ndugu yangu.

Wapumbavu! Hata kungoja? Nilipiga mlango wa lori ngumi mpaka nikatoka damu. Jua likachomoza baharini, jekundu, zuri ajabu, na mimi chini yake nalia kama mtoto. Mwenzangu akatoa kalamu bila kuulizwa. Nikamwambia aandike maneno machache: niko hai, mke wangu asiguswe.

Barua ilisafiri miezi. Mimi nilikaa zaidi ya mwaka ndipo nikashuka stesheni ya Bungoma, nikatembea mpaka kwetu. Wazee walinizuia langoni. Aliyekwisha kuzikwa haingii hivi hivi. Wakachinja kondoo, wakanipaka mavi ya tumbo lake, ndipo nikapita. Kaburi langu lilikuwa kando ya nyumba, nyasi zimeota juu yake.

Ndugu yangu hakunitazama usoni. Alisema barua yangu waliipata, lakini mimba ilikuwa imeshaingia. Maji yalishamwagika.

Mke wangu akatoka nyumba ya ndugu yangu, mtoto mgongoni, kata ya maji mkononi. Nilikuwa nimeendesha lori kisiwa kizima nikiwaza siku hiyo. Akapiga magoti, akainamisha macho.

"Karibu, shemeji," akasema.

Nikapokea maji.