Barua za Bibi Naziandika Mimi, Mwandiko ni wa Binti Yangu

Admin, nifiche jina, na mtaa ninaokaa usiutaje, sema Toronto tu inatosha. Watanzania wa huku tunajuana mpaka nani kapika pilau Jumamosi. Nina miaka thelathini na tisa, nimeolewa, na nina binti mmoja wa miaka kumi na moja, nitamwita Tumaini. Wanaonijua wanajua nina mdomo, sinyamazishwi na mtu. Sasa hivi nimenywea, jamani, hata mume wangu ananishangaa.

Tumaini alizaliwa tukiwa bado tunakaa mtaa wetu wa zamani, Regent Park. Alipoanza shule alichelewa kusoma, mwalimu wake akaniambia kwa upole kwamba nyumbani tuongee Kiingereza kitupu, mtoto asichanganyikiwe. Nikatii. Kiswahili nikakipiga marufuku kwangu mwenyewe, mimi mtoto wa Morogoro! Bado mambo hayakwenda, nikamtoa shule nikaanza kumfundisha nyumbani, huku inaruhusiwa. Kusema kweli niliweza. Kila Agosti nakaa na kalamu zangu napanga mwaka mzima: kusoma, tahajia, insha, kunakili ili mwandiko unyooke. Lugha ya kigeni nikaweka Kifaransa, maana ndiyo yenye ajira huku. Mume wangu akachungulia ile ratiba, akauliza, "Na Kiswahili, Mama Tumaini?" Nikamjibu, "Hicho ataokota tu humu ndani." Ataokota wapi, na sisi wenyewe tunaongea Kiingereza hadi kwenye kuombana chumvi?

Basi nikabuni somo. Jumatatu Tumaini anamwandikia bibi yake, yaani mama yangu, barua ya Kiingereza. Mimi naigeuza Kiswahili, na Jumatano anainakili kwa mkono wake, herufi kwa herufi, bila kuelewa. Nikajiambia hapo nimepiga ndege wawili, mwandiko na Kiswahili. Barua ya kwanza ilipofika mama alipiga simu analia kwa furaha, eti mjukuu wa Ulaya anaandika Kiswahili kumshinda hata mama yake. Kwake Kanada nayo ni Ulaya tu. Akawasomea wenzake wa jumuiya. Ningemwambiaje ukweli? Nikaendelea, na uongo wenyewe nikazidi kuunogesha, namtania, namuulizia kuku wake, namuuliza mguu unaendeleaje. Kwenye simu Tumaini anajua maneno mawili tu, "Shikamoo bibi" na "Nakupenda." Akimaliza nampokonya simu nasema ana aibu. Miaka mitatu tumekwenda hivyo.

Mama anamwita Tumaini mke mwenza. Mnajua utani wa bibi na mjukuu, na mnajua kwamba siri ambayo bibi hamwambii mwanawe anamwambia mjukuu. Hilo mimi nililisahau kabisa.

Alhamisi iliyopita mtu wa kanisani karudi kutoka nyumbani na barua, juu imeandikwa jina la Tumaini. Nikaifungua mezani, tunakunywa chai, nikawa namsomea kwa Kiingereza kama kawaida. Salamu, kuku, mvua. Halafu nikafika hapa: "Mke mwenzangu, barua zako zinaonyesha una akili ya mtu mzima, ndiyo maana nakwambia wewe. Nina uvimbe kwenye ziwa la kushoto tangu Pasaka. Daktari anataka niende Dar wakautoe. Naogopa kisu. Mama yako usimwambie, ataacha kukufundisha apande ndege. Wewe niambie tu, niende au nikae? Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Machozi yakanitoka. Tumaini akaniuliza bibi kasema nini: "What did she say, Mom?" Nikasema bibi anasema mahindi yamestawi. Akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka, hicho nilichomfundisha mimi, "Mahindi hayakulizi hivyo, mama."

Mume wangu anasema niandike haraka, "Nenda, bibi," Tumaini anakili, mama akatibiwe, ukweli tutausema akipona. Nikaandika. Tumaini akaiweka kalamu chini. Anasema barua ni yake, jina lake liko juu, na hanakili tena kitu asichokijua. Nilimfokea mpaka nikaona aibu. Ana haki, lakini nimtwishe mtoto wa miaka kumi na moja mzigo huo? Na nikimpigia mama nikasema najua, atajua kwamba hajawahi kupata barua hata moja ya mjukuu wake. Mama yangu ninavyomjua, atafunga mdomo na uvimbe wake asimwambie mtu tena.

Nikiwa bado nazungushazungusha, Jumapili akapiga mwenyewe. Hakunisalimia vizuri hata. "Nipe mke mwenzangu." Nikasema ana aibu mama, unamjua. "Mpe simu, wewe!" Nikampa, nikaweka sauti kubwa. Tumaini akasema, "Shikamoo bibi." Mama akasema, "Marahaba mke mwenzangu. Haya, niambie. Niende au nikae?" Mtoto akanitazama. Nikafungua mdomo, mimi mwenye mdomo, sauti haikutoka. Tumaini akasema neno la pili analolijua, "Nakupenda."

Mama akasema taratibu, "Haya, mke mwenzangu. Nimekuelewa. Asante." Akakata.

Leo ni Jumatano. Tangu siku hiyo nampigia, simu inaita tu haipokelewi. Jirani yake anasema kamwona asubuhi anafunga kuku wake kamba miguuni, hajui anawagawa au anawauza. Ndugu zangu, wa kunitukana nitukaneni, nimestahili, ila mkimaliza mnisaidie kwa hili moja: mama yangu kaelewa nini? Anajiandaa kwenda Dar, au anaaga? Nimwambie ukweli leo hii, au kwanza nimkalishe Tumaini nimsomee barua yake?