Mpira Ulipoa Tukiomba

Harufu ya mpira uliolowekwa kwenye maji ya moto haipendezi, lakini nikiisikia hata leo moyo hunidunda. Hunirudisha kwenye karakana ya Bertil kule Farsta, Uswidi, mwezi wa Novemba, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Katikati ya sakafu lilikaa gari la spoti la kijani, la viti viwili, lenye umri mkubwa kuliko baba yangu, na halikuwa na kioo cha mbele. Bertil alikuwa mzee wa Kiswidi aliyefufua magari ya kale. Mabega yake yalikuwa yamechoka, na alitafuta fundi wa kumwachia kazi. Baba yangu alikuwa fundi, Uvira nzima ilimjua, ila Uvira ilikuwa mbali, na tangu tufike mtaa wetu wa wahamiaji, Fittja, alikuwa mtu wa kupelekwa kutoka kozi moja hadi nyingine, akifundishwa kuandika maombi ya kazi. Bertil alimwambia hivi: weka kioo Jumamosi, kikikaa vizuri uje kazini Jumatatu. Kioo chenyewe kilikuwa kimesakwa kwa miezi. Kiwanda kilichokitengeneza kilishafungwa zamani, na kama kingepasuka hapakuwa na kingine.

Nyumbani hapakukalika wiki ile. Kupitia dada mmoja wa kanisani, mama alikuwa amempatia baba kazi ya kusafisha mabasi, kazi ya uhakika, na jibu lilitakiwa Jumatatu hiyohiyo. Watu wa pwani husema usiache mbachao kwa msala upitao, na mama, ambaye pwani hakuwahi kuiona, aliishi kwa methali hiyo. "Papa Neema," alimwambia mezani, "basi inachafuka kila siku. Kioo ni ya siku moja tu." Baba alimega ugali akauviringa mkononi muda mrefu bila kuutia kinywani. Mimi nilikuwa upande wa baba, waziwazi, kwa sababu ya hilo gari. Mtoto wa Fittja anayepanda treni ya njia nyekundu kila siku akiona gari la spoti hana akili nyingine.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mpira mpya unalowekwa kwenye beseni la maji ya moto mpaka ulegee, kisha unavishwa kuzunguka kioo. Kwenye mfereji wa mpira inalazwa kamba nyembamba, ncha zake zikining'inia ndani ya gari. Watu wawili wanakibonyeza kioo kwa viganja kutoka nje, na mmoja aliyekaa ndani anavuta kamba taratibu, ili mdomo wa mpira upande juu ya ukingo wa fremu. Mpira ukiwa moto, unatii. Ukipoa, unakuwa mgumu, na nguvu yote ya viganja inaishia kwenye kioo. Wa kukaa ndani nilikuwa mimi, kwa kuwa mtu mzima hakuweza kujipinda kwenye vile viti. Wa kubonyeza walikuwa baba na shemasi wa kanisa letu, mwanaume mwenye mikono kama makasia, aliyetuleta na gari la kanisa. Mama naye alikuja, na sufuria ya wali na uso wa mtu aliyekuja kushuhudia msiba.

Baba aliutoa mpira kwenye maji ukitoa mvuke, akauvisha kioo juu ya blanketi, akalaza kamba, akapaka maji ya sabuni. Alikuwa na wepesi ambao sikuwahi kuuona nyumbani. Kisha akainua kichwa na kusema, "Haya." Shemasi akakunja mikono. "Ndugu, tusianze bila kuomba. Haraka haraka haina baraka." Nani angekataa? Kwetu hata sambusa za harusi haziingii kwenye mafuta bila sala. Bertil alivua kofia yake. Shemasi akaomba. Aliombea kioo, akaombea mikono, akaombea Bertil na ukoo wake, akavuka maji akaiombea Kongo, mkoa kwa mkoa. Mlango wa karakana ulikuwa nusu wazi na baridi ya Novemba ilituingia miguuni. Nilifumbua jicho moja. Mpira ulikuwa umeacha kutoa mvuke. Baba alikuwa macho wazi kabisa, anautazama, midomo ikisema amina na jasho likimtoka. Bertil naye aliutazama, na kwa ile adabu ya Kiswidi akaendelea kushika kofia kifuani. Watu wawili waliojua, na hakuna aliyethubutu kukatiza sala.

Tulianza. "Neema, vuta. Polepole." "Jag drar," nilimjibu, yaani navuta, kwa Kiswidi kama tulivyozoea sisi watoto, nikavuta. Upande wa chini ulipanda. Kwenye kona ya kushoto kamba ilikataa. Nikavuta zaidi, ikanikata kiganja. "Tuongeze nguvu!" alisema shemasi, akaegemea kwa uzito wake wote, na hapo kioo kikalia. Mlio mdogo tu, lakini niliusikia kwenye meno. Baba aliganda. Alijua dawa ni kukitoa na kuanza upya, ila kukitoa ilikuwa sawa na kusema mbele ya watu kwamba sala ndiyo iliyoharibu. Mimi nilikuwa namtazama kwa karibu sana, uso kwa uso, kioo kikiwa katikati yetu. Nilitaka kulia.

"Toeni," mama akasema. Alikuwa tayari amewasha birika la umeme. "Udongo uwahi ungali maji. Toeni, tuanze tena." Walikitoa. Aliumwagia mpira maji ya moto yeye mwenyewe, beseni likifuka mpaka hatukuonana. Kioo kilipovishwa tena, shemasi akakunja mikono. Mama, aliyekuwa hajawahi kukatiza sala maishani mwake, akamshika kiwiko. "Papa Shemasi, Mungu alisikia ile ya kwanza." Baba akabonyeza. Nikavuta. Kamba ilitoka yote, kona kwa kona, na mpira ukakaa. Bertil alivaa kofia yake na kusema Jumatatu, saa moja.

Siku hizi vioo hubandikwa kwa gundi. Cha gari langu kilibadilishwa mwaka jana kabla sijamaliza kahawa, na aliyekibadilisha hata jina lake silijui. Baba huiona siku ile kuwa kichekesho. Wageni wakija Alby, tulikohamia, huwasimulia kuhusu shemasi, nao hucheka mpaka wanashika mbavu. Hawaulizi kuhusu mabasi. Bertil alianza kwa kumpa baba majaribio ya nusu siku tu, na Jumatatu ile, yule dada wa kanisani alipotaka jina, mama alimpa la kwake. Aliyasafisha mabasi yale miaka mingi, mpaka magoti yakamshinda.

Nilimuuliza mama majuzi kwa nini alifanya hivyo, wakati kazi ya Bertil aliipinga tangu mwanzo. Alinyoosha mguu kwanza.

"Tangu Uvira nilimwona baba yako anaogopa askari, anaogopa barua, anaogopa mtu akigonga mlango," alisema. "Siku ile alikuwa anaogopa kioo tu."