Hayat na Droni ya Sebuleni

Pangaboi lilizimwa, madirisha yakafungwa, na sebule ya Bi Wafa pale Temeke ikawa tanuri. Yote hayo kwa sababu ya kidude kinachoenea kiganjani! Hayat, bintiye, alikuwa akijifunza kurusha droni.

Angefanyaje? Tangu alipoachika, alikuwa akiishi kwa kupiga picha harusi za wanawake peke yao, ambako mwanamume mwenye kamera haingii hata awe kaka wa bibi harusi. Na maharusi wa siku hizi, wallahi, wana mambo: bila picha za kutoka juu, harusi haijanoga. Bi Hamida, mama wa bibi harusi wa Ijumaa, alimwambia waziwazi, "Ukishindwa sema mapema, Kawe kuna binti anarusha." Hayat akajibu, "Mie naweza," na hata kuiwasha alikuwa hajui.

Juu ya mito ya makochi aliirusha vizuri. Vikinga vya plastiki vya kwenye mapanga yake yanayozunguka alishavivua, eti vya kitoto. Kiburi tu! Akamwomba mama yake akae kitini awe bibi harusi.

"Usije ukaninyoa," Bi Wafa akatania, akaketi kwa madaha.

Droni ikamzunguka. Ilipogeuka kumtazama Hayat, kushoto kwake kukawa kulia. Alitaka kuiondoa kwa mama, akamsukumia usoni. Bi Wafa akakinga uso kwa mkono wa kulia.

"Mama!"

Vidole vilichanika, damu ikamwagika kwenye zulia. Na mkono ule ndio uliochora hina na piko mtaa mzima; ndio uliokuwa umchore bibi harusi huyohuyo Alhamisi. Hayat alilia huku akimfunga kitambaa, akiapa kuitupa ile droni jalalani.

 Bi Wafa alishika simu kwa mkono wa kushoto, akampigia Bi Hamida.

"Shoga, hina tafuta mwingine. Nimejikata jikoni. Picha? Picha Hayat atapiga, usiwe na wasiwasi."

"Mama, mie siwezi!" Hayat alisema simu ilipokatika.

"Unataka tukose vyote, hela ya hina na ya picha? Maji umeshayavulia nguo. Rudisha hivyo vikinga, urushe."

Hayat akavirudisha, akaiwasha droni. Mapanga yakaanza kuvuma. Bi Wafa akarudi kitini, akauficha mkono uliofungwa chini ya kanga, akafumba macho.