Freshi ya Muyinga

Nimekulia Tanzania, na huko neno "freshi" tulilitumia kwa kila kitu. Umeamkaje? Freshi. Tukutane kesho? Freshi. Waingereza wenyewe wanalitumia kwa samaki na mboga ambazo hazijaoza. Sisi hata tukifeli mtihani tulikuwa freshi tu. Tuliporudi Burundi, kwetu Bugendana, mkoani Gitega, nilirudi nalo.

Mwaka jana mchumba wangu alinipeleka Muyinga kunitambulisha kwa mama yake, fundi cherehani. Aliniacha naye kibandani, yeye akaenda sokoni kununua kitambaa cha gauni langu la harusi.

"Karibu, binti yangu. Safari ilikuwa aje?"

"Freshi, mama."

Alitabasamu, akatoka, akarudi na soda inayotoa jasho kwa baridi. Nikaimaliza. Nani anamkatalia mkwe?

"Na wazazi, iko wazima?"

"Nao wako freshi."

Akanikodolea macho. Akatoka tena, akarudi amekumbatia chupa kifuani. Moja akanifungulia mimi.

"Hizi zingine utawapelekea. Ila hadi Gitega zitapata moto, mwanangu."

Nikashukuru, nikanywa, nikiwaza kwamba sijawahi kuona watu wakarimu hivi.

Mchumba wangu aliporudi alinikuta nimezungukwa na chupa.

"Mchumba wako anapenda vya baridi!" mama akamwambia. "Na wazazi wake vilevile!"

"Kwani umemwambia nini?" akaniuliza.

"Nimesema tuko freshi."

Alicheka hadi akakalia rundo la vitambaa. Kumbe kwa Kifaransa, na hapa kila mtu ana Kifaransa chake mdomoni, neno linalosikika hivyohivyo maana yake ni baridi. Kila nilipojibu salamu, mama alisikia naagiza kinywaji!

Nilitamani kujificha chini ya cherehani. Nikafungua mdomo niombe radhi, badala yake ikatoka mbweu iliyosikika hadi barabarani. Halafu mama akapiga makofi, akanivuta kifuani, tukacheka pamoja hadi machozi, mimi nimeshika tumbo, yeye amenishika mimi.

"Haya, simama nikupime."

Akanizungushia futi kiunoni, akasoma, akasoma tena, akaifungua.

"Hapana. Tungoje kwanza soda zishuke."