Bodi ya Plastiki na Chuma cha Ukoo

Upande wa mume wangu wako watu wanaosema hadi leo kwamba niliwadhulumu chuma chao. Wanalisema msibani, wanalisema harusini, na wengine wamewahi kulisema tukiwa tumebanana ndani ya kivuko pale Kivukoni, nje kidogo ya Ifakara, katikati ya mto, mahali ambapo mtu hana pa kukimbilia. Sikukimbia. Naandika haya ili wajue kwamba nakumbuka vizuri kuliko wao, na kwamba nikirudishwa siku ile nitasema maneno yale yale.

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 11 Januari 1994. Nataja siku kwa ukamilifu kwa sababu nilijifunza kusoma nikiwa tayari mama wa watoto wanne, katika darasa la watu wazima, mwaka 1976. Tangu nilipoweza kuandika tarehe, sijakubali kusimuliwa maisha yangu na mtu anayeanza kwa kusema "siku moja".

Kazi yetu ilikuwa kukata majani. Hapo Ifakara palikuwa na nyumba za watumishi zilizozungukwa na uwanja mpana, na msimamizi wake alitaka mkataji aje na mashine yake mwenyewe. Tulikuwa nazo mbili. Ya mume wangu ilikuwa chuma kuanzia mpini hadi bodi inayofunika kisu. Yangu bodi yake ilikuwa ya plastiki, rangi ya chungwa iliyopauka kwa jua. Yeye aliiita beseni. "Chukua beseni lako twende," alikuwa akiniambia asubuhi, nami nilichukua. Kwa miaka minne tulikata bega kwa bega: yeye upande wa barabara, penye changarawe na visiki, mimi upande wa chini, unaopakana na mashamba ya mpunga, ambako udongo mweusi humvua mtu kiatu.

Mgawanyo huo haukuwa wa bahati. Bodi ya chuma ikipigwa na jiwe hulia tu na kubaki na mkwaruzo, lakini majani mabichi yakigandia chini yake huleta kutu, na kila Jumamosi mume wangu aliipindua na kuikwangua kwa kijiko kikuukuu. Bodi ya plastiki haijui kutu na ni nyepesi. Niliweza kuvuka nayo mtaro nikiwa nimeibeba begani. Ila jua huikausha, na jiwe moja lililokaa vibaya laweza kuipasua. Sisi wawili tulijua hayo. Hatukumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Katika ukoo wa mume wangu, uliotoka upande wa Mahenge, chuma cha marehemu hurudi kwa ndugu zake wa kiume: jembe, panga, shoka, ndoana. Vyombo vya nyumbani, yaani vyungu, nyungo, mikeka na ndoo, hubaki kwa mjane. Desturi hiyo ilitungwa na watu waliohangaika kupata chuma, nami siicheki. Lakini bila mashine nisingekuwa na kazi, na bila kazi ningerudi kwa kaka zangu Namawala, kula chakula chao na kuomba ruhusa ya kukohoa.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Februari. Baada ya misa na chakula, wakubwa walikaa uani kugawa vitu. Baba mkubwa wa marehemu ndiye aliyeongoza, na alitaka jambo liishe kabla ya mvua. Mashine ya chuma ilikwenda kwa mdogo wake mume wangu, fundi baiskeli, bila mjadala. Ilipoletwa yangu, watu walicheka. Mmoja akasema ni beseni lenye magurudumu. Baba mkubwa akatikisa mkono: beseni ni la mwanamke.

Shemeji yangu hakucheka. Aliilaza mashine ubavu, akachungulia chini, akagonga kisu kwa spana. Akasema kisu ni chuma, injini ni chuma, ekseli ni chuma. Kwa hiyo yeye atafungua vilivyo vyake na kuniachia plastiki yangu, nifulie nguo. Na kweli akapiga goti, akaanza kulegeza nati.

Mjane hatakiwi kusema katika kikao hicho. Nilisimama.

"Shemeji," nikamwambia, "leo hujanipa shikamoo, na bado umepiga goti mbele yangu. Usisimame kwanza. Kama kila chuma alichokigusa kaka yako ni chako, anzia juu: paa lile ni bati. Ukishuka, chukua bawaba za mlango na misumari ya kitanda. Sindano yangu iko kwenye kikapu, nitakuonyesha."

Kisha shangazi wa watoto wangu, dada wa marehemu, mwanamke ambaye hakuwahi kunipenda hata siku moja, akasema kutoka jikoni, "Na yale meno mawili kaka yetu aliyozibwa kwa chuma na daktari, akazikwa nayo? Mbona huyadai?"

Kicheko kilichofuata kiliwazidi nguvu hata wale waliokusudia kukunja nyuso. Baba mkubwa mwenyewe alifuta machozi kwa mkono wa kanzu yake. Alipotulia alisema, "Mbuzi ana mifupa ndani, nasi hatumwiti mifupa. Mwache mwanamke na beseni lake."

Shemeji alisimama, akafuta magoti. Alisema plastiki ile haitaiona Pasaka, na kwamba kesho yake angekwenda kuichukua kazi ya kaka yake. Nilimjibu kwamba nusu ya kazi hiyo ilikuwa yangu tangu mwanzo.

Jumatatu asubuhi tulikutana langoni. Msimamizi alitutazama, akatazama mashine zetu, akasema anahitaji mkataji mmoja, na uwanja ulikuwa umeota majani kwa siku arobaini. Kila mmoja akate, yeye ataona. Shemeji akachagua kabla yangu, na akachagua upande wa chini, kwa kuwa hauna mawe. Sikumzuia. Ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Nilibaki na changarawe za mume wangu, na plastiki mkononi. Nilitembea kwanza mstari mzima bila kuwasha injini, nikiokota mawe na kuyatupa kando. Hata hivyo kisiki kimoja kilinishinda. Bodi ilipasuka kiasi cha kiganja. Nilizima, nikaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaendelea. Huko chini chuma kilikuwa kimezama. Majani mabichi yalikuwa yameganda chini ya bodi hadi kisu kikakwama, na shemeji alikuwa akivuta kamba ya kuwashia kama mtu anayevuta ng'ombe aliyelala. Kufikia saa saba nilikuwa nimemaliza upande wangu, nikaingia wake kutoka mwisho wa pili.

Msimamizi aliutazama ule ufa akasema mashine hii haitafika mwisho wa mwaka. Nilimwambia, "Unaajiri mkataji, bwana. Mashine ni shauri langu." Akanipa kazi.

Wanaosema niliitetea plastiki hawakunisikia. Mwaka 1998, bodi ile ilipochakaa kabisa, nilinunua mashine ya chuma, nzito, mpya, kwa jasho langu. Shemeji alikuja kuitazama. Safari hii alinipa shikamoo, akaizunguka mara mbili bila kuigusa, akauliza nikifa itakwenda kwa nani. Nikamwambia itakwenda kwa binti yangu mkubwa, naye ameshajua kuikwangua.