Majina Yaliyobaki Kwenye Flashi

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika katikati sitasimama kukungoja. Sikuota, wala sikuwa nimelewa. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua inanyesha, nami nimekaa kwenye meza yangu pale mtaa wa Picha ya Ndege, nilipokuwa natengeneza simu na kompyuta za watu.

Shule niliiacha kidato cha pili. Ninachojua nimekijua kwa kufungua vitu ambavyo hakuna aliyenituma nivifungue. Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, Windows ikaielemea, nikaifuta na kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Tangu hapo nikawa na kiburi cha mtu aliyejijengea nyumba kwa mikono yake.

Asubuhi ya siku hiyo alikuja mama mmoja kutoka Msimbu, kule Kisarawe. Anaitwa Bi Zuhura. Mwanawe alikufa kwa ajali ya pikipiki, kompyuta ikapondeka naye, ikabaki flashi tu. Kijana alikuwa anatengeneza tovuti ya ukoo wao. Babu yao, kabla hajafa, alimtajia majina ya wazee wote waliozikwa Msimbu na Dutumi, naye akayaandika humo na si pengine popote. Kwao majina hayo husomwa kwenye dua. Arobaini ya kijana ilikuwa Jumamosi, na ukoo mzima ulishaalikwa.

"Nitolee majina tu, mwanangu," akasema. "Mengine yaache."

Aliposimama kuondoka akaongeza kwamba nisilitaje jina la marehemu juu ya kitu chake mpaka arobaini ipite. Kwao hawafanyi hivyo. Niseme marehemu, inatosha. Nikamwambia sawa, mama. Moyoni nikacheka, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ubavuni mwa flashi: Shabani.

Tovuti ilikuwa ndani ya faili moja, na faili hilo lilifunguliwa na programu moja tu ya kutengenezea tovuti, ya zamani, ya Windows. Programu yenyewe marehemu aliiweka kwenye flashi hiyohiyo. Ningeweza kuvuka barabara nikaazima kompyuta yenye Windows kwa jirani, nikamaliza kazi kabla chai haijapoa. Sikuvuka. Nilitaka kuona kama Linux yangu itaweza. Wala nakala ya faili sikutoa.

Kuna kitu kinaitwa Wine. Unakiweka kwenye Linux, na kazi yake ni kuihadaa programu ya Windows iamini kwamba iko kwao. Ikiuliza diski C, inaonyeshwa folda iliyovishwa jina hilo. Ikiomba kitu, inapewa kinachofanana nacho. Maadamu haijashtuka, inafanya kazi.

Yangu ilishtuka. Ilifunguka, ikajifunga. Mara ya nne, mtu akapiga hodi. Nikamkaribisha bila kugeuka. Akaketi kwenye benchi nyuma ya bega langu, kama wanavyofanya watu wote wakikimbia mvua.

"Iambie iko kwenye Windows ya zamani, XP," akasema. "Ukiipa toleo jipya, inajishtukia."

Nikabadilisha. Ikafunguka, ikatulia. Ukurasa wa kijani, picha ya mkorosho juu, na chini yake majina, mengi, mengi. Wallahi niliyaona. Nikaanza kuyaandika kwenye karatasi. Nilifikisha matatu, Pazi, Kondo na Mwanaidi, akanizuia. Akasema nitachoka bure, nibonyeze kitufe cha kuchapisha, programu itatoa kurasa za kawaida ambazo kompyuta yoyote inazifungua. Akanionyesha kitufe kilipo.

Nisikilize vizuri hapa. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza mara moja tu.

Lakini yule mtu aliendelea kuongea. Akasema kijani kile kimemchosha, atakibadilisha. Akauliza kama korosho za mama zimeshaokotwa. Akaniomba nimwambie mama atachelewa kidogo, asifunge mlango. Ndipo nikageuka. Kijana wa kawaida, shati limepigwa pasi. Nje maji yanapita barabarani kama mto, na miguu yake ina vumbi kavu.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungebonyeza, si ndiyo? Mimi udadisi ulinishinda. Nilijua ni nani, nikataka anijibu mwenyewe. Nikaweka kidole juu ya flashi, nikamuuliza, "Wewe ndiye Shabani?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua.

"Kwani hapa niko wapi, kaka?"

Benchi likawa tupu. Programu ikajifunga. Faili lilikuwepo, jina lake lilelile, lakini ukubwa wake sifuri. Sasa ndipo nikavuka barabara mbio kwenda kwenye Windows ya jirani. Sifuri. Nilikesha na kushinda na flashi ile hadi Ijumaa. Sifuri.

Jumamosi nilikwenda Msimbu na karatasi yangu. Shehe akasoma Pazi, akasoma Kondo, akasoma Mwanaidi. Akageuza karatasi. Akangoja. Wazee wakatazama mkeka, na dua ikafungwa hivyo hivyo, ukoo mzima watu watatu.

Bi Zuhura hakunigombeza. Alinisindikiza hadi mwisho wa uwanja.

"Ulilitaja?"

"Nililitaja, mama."

"Akasemaje?"

Ningedanganya. Kudanganya ndiyo kazi ya Wine, niliyokuwa nimeisifia wiki nzima. Siku hiyo, mpumbavu mimi, nikasema kweli: alisema atachelewa kidogo, usifunge mlango.

Tangu hapo mlango wa Bi Zuhura haufungwi. Masika yameingia mpaka chumbani, ndugu zake wamembembeleza, wamemfokea, haufungwi. Mimi meza niliiacha. Nimelima vibarua Dutumi, nimechoma mkaa, nimehama tena, na mtu akipiga hodi nyuma yangu nabaki nimeinamisha kichwa hadi apite mbele nimwone.

Ukiletewa kitu cha marehemu, toa nakala, fanya ulichoombwa, ufunge mdomo. Yule alikuja kusaidia, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Mimi ndiye niliyemwamsha.