Chura wa Kijito cha Nyuma ya Geti

Leo grupu zima la vyura limenisikia nikimsimulia chura habari za mama yangu.

Ngojeni nieleze.

Geti ninalolinda lina kijito nyuma yake. Dada mmoja wa chuo alinifundisha kurekodi vyura pale asubuhi, kwa simu. Wako wa aina mbili, madoa yale yale, mgongo ule ule. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, mpaka walie. Tunatuma sauti kwenye grupu, wanaojua wanasikiliza, dada anaweka nukta kwenye ramani.

Leo nikatuma yangu bila kuisikiliza. Kumbe simu ilishaanza kurekodi tangu nilipokaa, na mimi nilishaanza kuongea.

Dada, Kiswahili hajui, akaandika kwa Kiingereza: "Sauti nzuri, ila kuna mtu anaongea. Ulikuwa na nani?"

Eish.

Nikajibu, "Na mwenzangu wa kazi."

Ndipo akaingia binti mmoja Mtanzania, hatujuani kabisa, akaandika kwa Kiswahili:

"Kaka, huyo chura ni wa mtoni, anagongagonga kwanza ndiyo anakoroma. Mama ameshatoka hospitali?"

Yeye alielewa kila neno.

Hapa Berea, ugenini, tunalala wanne chumba kimoja. Hakuna anayejua kama mama anaumwa. Sikuwaambia, kila mtu anarudi amechoka.

Nukta yangu imeshawekwa kwenye ramani. Jibu la yule binti nimeandika mara tatu, nikafuta mara tatu.

Nyinyi mtu akiwauliza hivyo, mnaanzia wapi?

Kwa chura nilianza tu.